Mawe ya Makaburi ya Vyama vya Kindugu Nchini Marekani: Dhana Potofu na Ukweli

Katika makaburi mengi ya zamani nchini Marekani, hasa ya kuanzia katikati ya karne ya 19 hadi miaka ya 1920, kuna mawe yenye michongo inayomshangaza mgeni: jicho lililozungukwa na miale, mkono wenye moyo kiganjani, pete tatu za mnyororo zilizoshikana, mzinga wa nyuki, au gogo zima la mti, lililochongwa kwa jiwe, likiwa limekatwa juu na kuegemezwa shoka. Hayo ni makaburi ya wanachama wa vyama vya kindugu, kama vile Odd Fellows, Freemason na Woodmen of the World. Kwetu Afrika Mashariki, ambako jina Freemason limebebeshwa uvumi mwingi wa utajiri wa damu, ni rahisi picha ya jiwe kama hilo kuchukuliwa kuwa ushahidi wa mambo ya giza. Kulisoma jiwe hivyo ni kumdhulumu aliyelala chini yake, na pia fundi aliyelichonga.

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba alama hizo ni siri. Ni kweli kwamba vyama hivyo vilikuwa na ibada za kuwaingiza wanachama wapya, pamoja na maneno na ishara za kutambuana ambazo hazikutolewa nje ya loji, yaani tawi la chama na mahali pa mikutano yake. Lakini alama zilizochongwa makaburini zilikusudiwa zionwe na kila apitaye. Pete tatu za Odd Fellows husimama badala ya urafiki, upendo na ukweli, na mara nyingi herufi za kwanza za maneno hayo kwa Kiingereza, F, L na T, zimechongwa ndani ya pete zenyewe. Mkono wenye moyo huonyesha kwamba msaada unaotolewa kwa mkono sharti utoke moyoni. Nchini Marekani chama hicho, chenye asili ya Uingereza, kilianzishwa Baltimore tarehe 26 Aprili 1819 na Thomas Wildey, mzaliwa wa Uingereza, na amri zake kuu zilijulikana wazi: kuwatembelea wagonjwa, kuwasaidia wenye dhiki, kuzika wafu na kuwasomesha yatima. Msomaji wa kwetu atavielewa vyama hivi upesi zaidi akivitazama kama vyama vya kufa na kuzikana, kwa sababu katika nchi ambayo bado haikuwa na bima ya jamii, kazi yao kubwa ilikuwa hiyo hiyo.

Jicho nalo si mali ya Freemason peke yao. Wakristo wa Ulaya walikuwa wakilichora kuonyesha kwamba Mungu huona yote, na liliwekwa kwenye mhuri wa taifa la Marekani mwaka 1782 likiwa na maana hiyo ya majaliwa ya Mungu. Hata duara la herufi HTWSSTKS, ambalo huonekana kwenye makaburi ya baadhi ya Freemason na kuwatia watu hofu, ni ufupisho wa sentensi ya Kiingereza inayosema kwamba Hiramu, mwana wa mjane, alitumwa kwa Mfalme Sulemani. Anayefungua kitabu cha kwanza cha Wafalme, sura ya 7, atamkuta Hiramu huyo, fundi wa shaba kutoka Tiro.

Mawe yaliyoeleweka vibaya kuliko yote, na ambayo kwangu mimi ndiyo mazuri kupita yote, ni yale ya magogo. Wengi hudhani kwamba aliyezikwa chini ya gogo la jiwe alikuwa mkata miti. Chama cha Woodmen of the World kilianzishwa na Joseph Cullen Root mjini Omaha, Nebraska, mwaka 1890, na wanachama wake walikuwa wakulima, wenye maduka, makarani na mafundi wa kila aina. Root alivutiwa na mfano wa walowezi waliofyeka msitu ili familia zao zipate mahali pa kuishi, na kutokana na mfano huo zikaja nembo za chama: gogo, shoka, nyundo ya mbao, kabari, na njiwa mwenye tawi la mzeituni. Mwanachama alilipa michango yake, na alipofariki familia yake ilipewa fedha, na kaburi lake likawekewa jiwe, kwa maana chama kilikuwa kimeapa kwamba hakuna ndugu yao atakayelala katika kaburi lisilo na alama. Kwenye mengi ya mawe hayo yamechongwa maneno ya Kilatini, *Dum tacet clamat*, yaani ajapokuwa kimya, bado anasema. Gharama zilipozidi, na makaburi mengi yalipoanza kukataza mawe marefu, mpango huo ulisitishwa katika miaka ya 1920.

Hata hivyo, si kila gogo ni la Woodmen. Mtindo wa kuchonga kaburi kama mti uliokatwa ulikuwapo kabla ya chama hicho kuzaliwa, na familia nyingi zisizokuwa na uhusiano nacho ziliuagiza kwa sababu mti uliokatwa ulieleza kifo waziwazi. Anayetaka uhakika atafute nembo ya chama kwenye gamba la mti. Mikono miwili inayoshikana huhitaji uangalifu huo huo: mara nyingi ni mume na mke wanaoagana, na hilo hutambulikana pale ambapo fundi amechonga pindo moja la mkono wa shati la kiume na jingine lenye lesi.

Wapo pia wanaoamini kwamba mawe haya yote yalitoka katika mashine, yakiwa sawasawa. Ni kweli kwamba makao makuu ya Woodmen yalituma michoro kwa mafundi wa mahali, na kwamba mawe ya kaburi yaliuzwa hata kwa katalogi za posta. Lakini mchoro ni mwanzo tu wa kazi. Mji wa Bedford, Indiana, umekaa juu ya mawe ya chokaa ambayo huwa laini yanapotoka machimboni na kukazana kadiri yanavyokaa hewani, na mafundi wa huko, kwa nyundo na tindo, walichonga magamba ya mti yenye mipasuko, majani ya kangaga, mitambaazi na ndege. Katika makaburi ya Green Hill mjini humo kuna meza ya kazi ya mchongaji kijana aliyeuawa na radi mwaka 1917, iliyochongwa kwa jiwe na wenzake pamoja na vifaa vyake juu yake. Meza hiyo si kazi ya chama cha kindugu, lakini ndiyo ithibati bora ya ustadi wa mikono hiyo.

Dhana ya mwisho ni kwamba sanaa hii ni ya wanaume weupe peke yao. Woodmen kweli walipokea weupe tu, na hilo lisifichwe. Lakini Prince Hall na wenzake weusi waliingizwa katika Freemason huko Boston mwaka 1775, na wanawake wa Odd Fellows walipata daraja lao la Rebekah mwaka 1851, ambalo makaburi yake hutambulikana kwa mzinga wa nyuki, njiwa na mwezi wenye nyota saba. Mjini Little Rock, Arkansas, John E. Bush na Chester W. Keatts, wote wawili wakiwa wamezaliwa utumwani, walianzisha chama cha Mosaic Templars of America mwanzoni mwa miaka ya 1880. Chama hicho kilitoa bima, na pia mawe ya marumaru kwa wanachama wake weusi, wanaume kwa wanawake, katika majimbo ya kusini ambako mtu mweusi aliweza kuzikwa bila hata ubao wenye jina. Mawe hayo bado yanaonekana Arkansas, na juu yake hukuti jina la marehemu peke yake, bali pia jina na namba ya tawi la chama lililomzika.