Mionzi kwa saratani ya tezi dume: ya nje, ya ndani, na siku zake

Mzee wa Kasulu akishapimwa PSA, kipimo cha damu cha tezi dume, akatolewa kipande kidogo cha tezi kikapimwa, na kuambiwa ana saratani ya tezi dume ambayo haijasambaa, safari ya matibabu humpeleka Bugando, Mwanza, au Ocean Road, Dar es Salaam. Nyumbani neno linalofika ni moja tu: mionzi. Familia inauza mbuzi na kuhesabu nauli, ilhali ndani ya neno hilo mna tiba kadhaa zinazotofautiana kwa madhara, na kwa siku za kukaa ugenini.

Iliyozoeleka zaidi ni mionzi ya nje. Mgonjwa analala, mashine inampiga mionzi kwa dakika chache, hasikii maumivu. Mashine ya kobalti (madini yanayotoa mionzi) na ile ya LINAC (inayotengeneza mionzi kwa umeme) zote hutibu, ila LINAC huweza kuukata mwale ufuate umbo la tezi. Hilo si jambo dogo. Tezi dume imebanwa kati ya kibofu na puru, yaani mwisho wa utumbo mpana, na mionzi ikikosea kidogo mzee hukojoa kila mara, huharisha au huona damu chooni. Ndiyo maana huchorwa alama ndogo kwenye ngozi, na kabla ya kuingia huambiwa apate choo kwanza, kisha anywe maji na kubana mkojo: kibofu kikijaa husukuma utumbo mbali, na puru tupu haisogezi tezi.

Sasa siku. Utaratibu wa zamani ni siku 37 hivi, 5 kwa wiki, karibu miezi miwili. Mwaka 2016 Waingereza walitoa matokeo ya utafiti wa wanaume zaidi ya 3,000: siku 20, kwa dozi kubwa zaidi kila siku, zilidhibiti saratani sawa na siku 37. Kwa anayetoka Kigoma, hiyo ni zaidi ya wiki tatu za chakula na malazi zimeokolewa, kwa hiyo naona swali la kwanza kwa daktari liwe, "Dokta, ni siku ngapi, na je, zile 20 zinanifaa?" Upo pia utaratibu wa siku 5 tu, kwa saratani isiyo kali sana, lakini unadai mashine na picha za usahihi wa juu.

Mionzi ya ndani huwekwa kwenye tezi yenyewe chini ya ganzi au usingizi. Ama ni vijipande vya iodini yenye mionzi, vidogo kama punje ya mchele vinavyobaki humo daima huku nguvu ikipungua, ama ni sindano za kupitishia iridiamu, madini yenye mionzi, zinazotolewa baada ya dakika kadhaa. Mwenye shida kubwa ya mkojo tangu mwanzo huenda isimfae. Kina mama wanaotibiwa saratani ya mlango wa kizazi wanaijua tiba hii, lakini ya tezi dume inahitaji vifaa na ujuzi wake. Ulizia kabla ya kusafiri.

Protoni, mionzi ya nje inayotumia chembe ndogo badala ya eksirei, zinasifiwa sana. Utafiti wa Marekani uliotolewa 2024 haukuona tofauti kati yake na mionzi ya nje ya kisasa. Usiuze shamba kwa ajili hiyo.

Aina zote zinaweza kupunguza nguvu za kiume, wakati mwingine miaka baadaye. Saratani ikiwa kali kiasi, huongezwa sindano za kushusha homoni kwa miezi 6 hivi. Ikiwa kali sana, miezi 18 hadi 36. Uliza mapema kama sindano zinazofuata zinaweza kuchomwa karibu na nyumbani.