Visawe vya Kiingereza vimetoka wapi?

Kisawe ni neno lenye maana sawa, au inayokaribiana sana, na ya neno jingine. Kiswahili kinavyo tele: fedha imetoka Uarabuni, pesa imekuja kwa njia ya India, na hela tumeachiwa na Wajerumani na sarafu yao ya heller. Kiingereza nacho kilijazwa na wageni, ila wageni wake wengine walihamia moja kwa moja.

Tabaka la chini kabisa ni la Waanglo na Wasaksoni, makabila ya kaskazini mwa Ulaya walioingia Uingereza kuanzia karne ya 5. Maneno yao mengi ni mafupi, ya nyumbani. Waviking, mabaharia wavamizi wa Skandinavia, wakaongeza yao: mgonjwa ni "sick" kwa neno la Wasaksoni, "ill" kwa la Waviking. Mwaka 1066 Wanormani wakavuka bahari kutoka Ufaransa, wakaiteka nchi, na Kifaransa kikatawala kasri na mahakama kwa vizazi. Baadaye wasomi wakachota Kilatini vitabuni. Ndiyo maana kuuliza kuna "ask" ya wenyeji, "question" ya Kifaransa na "interrogate" ya Kilatini. Mtoto akichelewa kurudi, mama hutumia "ask". Mshukiwa akifikishwa kituoni, polisi hutumia "interrogate". Ukizipindua, mama anageuka askari.

Mfano unaopendwa zaidi ni wa jikoni. Zizini ng'ombe ni "cow", mezani ni "beef"; nguruwe ni "pig", nyama yake "pork". Husemwa kwamba mchungaji alikuwa Msaksoni na mlaji Mnormani. Ukweli umo, lakini hadithi imenyooshwa mno: kwa karne nyingi "beef" iliweza pia kuwa ng'ombe mzima, na mkia wake.

Visawe kamili, vya kubadilishana popote, ni adimu. Vingine hutofautiana kwa mahali: majira ya majani kupukutika ni "autumn" kwa Waingereza, "fall" kwa Wamarekani, japo "fall" nayo ilizaliwa Uingereza. Vingine ni vya adabu, kama "die" na "pass away", sawa na kufa na kufariki dunia kwetu. Vinavyowaponza wanafunzi zaidi ni vile vinavyochagua jirani. "Big" na "large" zote ni kubwa, na "big sister" ni dada mkubwa. Mwite "large sister" uone: umemwambia amenenepa.