Bastola si kiini cha Gunsmoke: dhana potofu na ukweli

Kila kundi jipya la wanafunzi wa uandishi wa tamthilia huja kwangu na imani ileile: kwamba tamthilia za makauboi ni mashindano ya kuchomoa bastola, na kwamba mgogoro wake umekwisha kueleweka pindi mtazamaji anapojua steringi ni nani na adui ni nani. Nimeisikia mara nyingi mno, nami nitaijibu kwa mfano wanaoutaja wao wenyewe, yaani Gunsmoke, tamthilia ya makauboi iliyorushwa na kituo cha televisheni cha CBS cha Marekani tangu 1955 hadi 1975 kwa vipindi 635.

Dhana inayonikera kuliko zote ni kwamba mwenye mkono mwepesi ndiye mshindi, na kwamba steringi hashindwi. Kipindi cha kwanza kabisa, cha Septemba 1955, kinaikanusha waziwazi. Matt Dillon, marshali (ofisa wa sheria) anayeigizwa na James Arness, anakabiliana na Dan Grat, mtu mwepesi kuliko yeye, naye anapigwa risasi na kuanguka. Akiwa anauguza jeraha hafanyi mazoezi ya kuongeza kasi. Anatafakari namna Grat anavyoua, na anang'amua kwamba mtu huyo huwasogelea mno wapinzani wake kwa sababu shabaha yake ni mbovu. Wanapokutana tena, Dillon anabaki mbali, na hilo ndilo linalompa ushindi. Tena, vipindi vingi vya miaka ya mwanzo hufunguliwa kwa Dillon akiwa Boot Hill, makaburini mwa Dodge City, mji wa jimbo la Kansas ambako hadithi inatokea, akiwawaza waliozikwa pale. Tamthilia inayoanzia makaburini haimwiti mtu aje kushangilia mauaji.

Mgogoro huzaliwa kabla bastola haijachomolewa, pale mtu anaponyimwa utu wake: mkulima anadhihakiwa mbele ya watu, mke anapigwa na hakuna anayemtetea, mtuhumiwa anatakiwa na umati kitanzini kabla hajafikishwa kwa hakimu. Dillon anaposimama mlangoni mwa jela kumlinda mtu ambaye pengine yeye mwenyewe anaamini ana hatia, anailinda haki ya mtu huyo ya kusikilizwa, na anafanya hivyo dhidi ya majirani zake, ambao kesho atakutana nao barabarani. Daktari Adams naye humtoa risasi mhalifu kwa uangalifu uleule anaompa raia mwema. Kwa sababu hiyo nawaambia wanafunzi, na nitaendelea kuwaambia hata wakichoka: kabla hujaandika mstari mmoja wa mapambano, andika ukurasa mzima kuhusu kile alichonyimwa adui. Ukikosa cha kuandika, huna mgogoro. Una kelele za risasi tu.

Wengine humwona Chester, msaidizi wa Dillon mwenye mguu mkavu usiokunjika, kuwa kichekesho tu. Dennis Weaver alipata tuzo ya televisheni ya Emmy mwaka 1959 kwa uhusika huo, kwa kuwa alimpa Chester uaminifu na heshima ambavyo mguu wake haukuvipunguza. Bibi Kitty naye si pambo la baa. Baa hiyo, Long Branch, ni mali yake, na anajua kumfukuza mlevi bila kumwita marshali.

Kuhusu Dodge City yenyewe, si kweli kwamba kila mtu alizurura na bastola kiunoni. Katika miaka ya 1870 sheria ya mji ilipiga marufuku kubeba silaha mjini, na wageni walitakiwa kuzisalimisha. Mwanahistoria Robert Dykstra alihesabu mauaji 45 katika miji mitano ya biashara ya ng'ombe huko Kansas, Dodge City ikiwa mmojawapo, kati ya 1870 na 1885. Televisheni ingeimaliza idadi hiyo katika misimu michache.

Mwisho, dhana kwamba kauboi ni Mzungu. Hapa tamthilia yenyewe ina lawama, maana Dodge City yake imejaa nyuso nyeupe, ilhali wanahistoria wengi hukadiria kwamba takriban kauboi mmoja kati ya wanne alikuwa Mmarekani Mweusi, na baadhi yao walikuwa wamezaliwa utumwani. Hata ufundi wa kumnasa ng'ombe kwa kamba akiwa anakimbia, ambao watazamaji huuhesabu kuwa alama ya kauboi, ulitoka kwa wachunga ng'ombe wa Meksiko.