Mashini imejisasisha, WinRAR bado iko 2016

Jana mama mmoja kanipandia hapa Nyawera, Bukavu, laptopu kwapani, hata hajakaa: "Fundi, unizimiye hii mizajuru, inanimaliziya mega yote!" Mizajuru ni yale masasisho ya Windows. Hilo nalisikia kila wiki na simlaumu, mtu kanunua giga mbili za kutumia kazini, asubuhi anakuta Windows imezila usiku.

Nikamwambia ngoja kwanza mama. Windows 11 yake ilikuwa sawa kabisa, ile anayoiogopa njo haina shida. Nikafungua WinRAR, ile programu ya kufungua arkivu, yaani mafaili yaliyobanwa pamoja kuwa moja la .rar. Aide, À propos: toleo 5.40. Ya 2016 hiyo! WinRAR haijisasishi yenyewe, inakaa kimya miaka na miaka mpaka uende kwenye tovuti yao uchukue mpya kwa mkono wako. Na hapo katikati yametokea mengi, 2023 lilionekana tundu la usalama ambalo unabofya kitu ndani ya arkivu ukidhani ni picha kumbe kuna skripti, programu ndogo ya siri, inaanza kukimbia, wakaziba kwenye 6.23, halafu 2025 likaja lingine, ukifungua arkivu iliyotegwa inapenyeza faili mpaka kwenye folda ya vitu vinavyojiwasha pamoja na mashini, hilo limezibwa kwenye 7.13. Na huku Bukavu kila kitu kinapita kwenye fiashi kikiwa .rar, kozi za chuo, filamu, nyimbo za kwaya, we fikiria tu. Kuipakua haifiki hata mega tano.

Sasa Windows, usiizime, ibane. Nenda Paramètres, Réseau et Internet, ingia kwenye wifi yako halafu washa Connexion limitée. Vipande vikubwa vitasubiri, vichache vya dharura bado vinaweza kupita, siku ukifika penye wifi ya bure unaviachilia vyote. Ukiwa na mashini tatu nne nyumbani au kwenye siber, duka la intaneti, tafuta Optimisation de la distribution uruhusu mashini za mtandao wako, moja ikishapakua zingine zinachota kwake sehemu kubwa, mega zako zinapona.

Kuzima moja kwa moja sikubali kwa sababu ya WannaCry, kile kirusi kilichofunga mafaili ya watu kikidai pesa. Dawa yake, yaani mizajuru ya kuziba tundu lake, ilitoka Machi 2017, kirusi kikalipuka tarehe 12 Mei, miezi miwili baadaye, na mashini nyingi zilizoliwa ni zile ambazo wenyewe hawakuweka ile dawa.

Ah, na betri! Umeme wetu mnaujua. Niliwahi kuletewa mashini iliyozimika kwenye 30% ya mizajuru, kuirudisha ilinila siku nzima, kwa hiyo chaji ijae kwanza ndio ubonye Redémarrer.

Mama nikambania wifi yake, nikamwekea WinRAR mpya. Kufika mlangoni karudi na fiashi: "Uniwekeye na hapa fundi, nimupelekeye mutoto wangu iko Uvira."