Je, wajua? Molekuli za gesi hujipanga leza ikiwa imeshazimika

Molekuli ya naitrojeni hewani, atomu mbili zilizoshikana, humaliza mzunguko mmoja kwa takriban pikosekunde moja, yaani sehemu ya trilioni ya sekunde, na kila molekuli imeelekea kwake. Hata hivyo mpigo mmoja mfupi wa leza unatosha kuzifanya nyingi kati yao zilale upande mmoja. Kwa nguvu ipi?

Jibu linalotolewa haraka ni kwamba mwanga una uga wa umeme, na molekuli ina ncha chanya na ncha hasi, basi uga huzishika ncha hizo na kuziweka sawa. Jibu hilo linakwama mara mbili. Kwanza, naitrojeni haina ncha chanya wala hasi. Atomu zake ni pacha, na bado inapangika. Pili, uga wa mwanga hautulii. Kwa leza yenye urefu wa wimbi wa nanomita 800, inayotumika sana katika kazi hii, uga hugeuka kila baada ya femtosekunde 1.3 hivi, na pikosekunde moja ina femtosekunde 1,000. Hata molekuli yenye ncha zake ingevutwa huku na kurudishwa kule kabla haijasogea.

Kinachofanya kazi ni elektroni kukubali kusukumwa. Katika naitrojeni husogea kwa urahisi zaidi kufuata urefu wa molekuli kuliko upana wake, na kwa kusogea huko molekuli hupata ncha za muda. Uga ukigeuka, ncha nazo hugeuka papo hapo, kwa hiyo nguvu inayoizungusha molekuli hubaki ya upande uleule: kuulaza urefu wake kwenye mstari wa mtetemo wa mwanga. Ndiyo maana pia mpigo wa namna hii hauwezi kutenganisha kichwa na mkia.

Dhana nyingine ni kwamba leza huzishikilia molekuli mahali pake. Kwa mipigo mirefu ni kweli. Lakini mpigo wa femtosekunde 100 huisha kabla molekuli haijapata nafasi ya kugeuka. Huipiga kikumbo tu na kupita. Molekuli hujipanga muda mfupi baadaye, kisha, kwa kuwa hazizunguki kwa kasi moja, mpangilio huvurugika. Halafu unarudi wenyewe! Kwa naitrojeni hurudi kila pikosekunde 8.4 hivi, oksijeni 11.6, na kaboni dayoksaidi, iliyo nzito na ndefu zaidi, karibu 43.

Sababu ni kwamba fizikia ya kwanta hairuhusu molekuli izunguke kwa kasi yoyote ile. Kuna ngazi maalumu tu. Wafikirie wapiga ngoma walioanza pamoja: katika muda uleule mmoja hupiga mara 3, mwingine 5, mwingine 7, mwingine 9. Katikati unasikia mparaganyo, lakini muda ukitimia wote huangukia pigo moja. Hesabu hizohizo za 3, 5, 7, 9 ndizo za molekuli iliyonyooka. Na ukifika nusu ya muda, kila mpigaji yuko katikati kabisa ya mapigo yake mawili. Hapo ndipo molekuli hujipanga kinyume, zikikingama pale ambapo zingelala.

Ulinganifu huo haudumu. Molekuli inayozunguka kasi hutanuka kidogo na kuharibu hesabu, na migongano huufifisha. Gesi iliyopozwa sana hupangika vizuri zaidi, kwa kuwa huanza na ngazi chache.

Je, hupimwaje? Mwaka 2001 wanafizikia Rosca-Pruna na Vrakking waliupiga mvuke wa iodini kwa mpigo wa pili mkali, unaozipasua molekuli, kisha wakatazama vipande viliruka upande gani. Njia ya upole zaidi, ambayo tayari mwaka 1975 ilikuwa imeonyesha jambo hili kwa mvuke wa kaboni disalfaidi, ni kupitisha mwanga hafifu kati ya vichujio viwili vinavyozuiana, kila kimoja kikiruhusu mtetemo wa upande mmoja tu. Molekuli zikiwa shaghalabaghala, hakuna mwanga unaopenya. Zikijipanga, gesi huugeuza mtetemo wa mwanga na sehemu yake hupita. Mpigo wa kupimia hucheleweshwa kwa kusogeza vioo: kuungoja mpangilio wa naitrojeni urudi, kioo kinachourudisha mwanga nyuma husogezwa milimita 1.26 tu.