Umri wa kustaafu katika kampuni binafsi: nani hasa anaupanga?

Barua zenyewe huwa fupi. Kampuni inakushukuru kwa utumishi wako, inakukumbusha kwamba umetimiza miaka 55, na inakutakia maisha mema kuanzia mwisho wa mwezi. Mfanyakazi wa ghala pale Shimanzi, Mombasa nchini Kenya, akiipokea, huuliza: kwani sheria si imesema 60?

Imesema hivyo kwa watumishi wa umma. Umri wao ulipandishwa kutoka 55 mwaka 2009, na sasa umo katika kanuni zilizowekwa chini ya Sheria ya Tume ya Utumishi wa Umma ya 2017. Wenye ulemavu hufika 65. Majaji hustaafu wakiwa na 70, kwa mujibu wa Katiba. Ama wa kampuni binafsi, Sheria ya Ajira ya 2007 haikuwawekea umri wowote. Hata ile 60 ya NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, ni umri wa kulipwa mafao tu, na anayestaafu mapema anaweza kuyadai kuanzia 50. Haimpangii mwajiri siku ya kukutoa kazini.

Basi umri wako utafute kwanza katika mkataba wako wa ajira, kisha katika mkataba wa pamoja ambao chama cha wafanyakazi kimetia saini na mwajiri. Ule wa kwanza wengi huusaini bila kuusoma, kwa sababu mtu anayeitaka kazi habishani na kifungu cha kustaafu. Chama ndicho chenye nafasi ya kubishana.

Kifungu cha 41 cha Katiba kinalinda haki ya kujiunga na chama na haki ya chama kujadiliana na mwajiri. Mombasa hili lina historia: mwaka 1947 mgomo mkuu ulisimamisha kazi bandarini na mjini. Leo njia imo katika Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007. Chama kikipata zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaostahili kuwa wanachama, mwajiri hana budi kukitambua, na wakati wa majadiliano atoe taarifa zinazohitajika.

Wengi hukwama baada ya saini. Watu wamepeana mikono, picha zimepigwa, wakadhani yamekwisha. Mkataba wa pamoja hauna nguvu ya kutekelezwa mpaka usajiliwe na Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, na unapaswa kuwasilishwa huko ndani ya siku 14. Ukishasajiliwa, masharti yake yanaingia katika mkataba wa kila mfanyakazi anayehusika, hata asiyekuwa mwanachama. Kwa hiyo usimuulize mwakilishi wa chama kama "mmekubaliana". Muulize kama mkataba umesajiliwa, na akuonyeshe nakala.

Tuseme mkataba wa pamoja uliosajiliwa umeandika 60, na barua yako ya ajira 55. Yanayofuatwa ni masharti yaliyo bora kwa mfanyakazi. Wala mwajiri hawezi kuushusha umri kwa tangazo la ubaoni: sheria inamtaka ashauriane na mfanyakazi kabla ya kubadili mkataba, kisha amjulishe kwa maandishi.

Kuna mbinu nyingine ya kuangalia. Biashara ikidorora, baadhi ya waajiri "huwastaafisha" watu kabla ya umri uliokubaliwa. Huko si kustaafu, ni kupunguzwa kazi, na kuna taratibu zake: ilani ya mwezi mmoja kwa chama na kwa afisa wa kazi, pamoja na malipo yasiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliotimizwa. Neno "kustaafu" kwenye barua halimwondolei mwajiri deni hilo.

Ukiona barua imekosea, jibu kwa maandishi na ubaki na nakala. Muda wa kufungua kesi ni miaka 3 tangu haki yako ikiukwe, na ahadi za meneja kwamba "tunalishughulikia" hazisimamishi hesabu hiyo.