Utafiti wa Tiba Una Watu Wake, na Watu Hao Huandaliwa

Katika hospitali za nchi tajiri, mtoto aliyefika na homa kali huku mikono na miguu imepoa kwa sababu damu haizunguki vizuri alitundikiwa dripu na kumiminiwa maji mengi kwa haraka. Ndivyo ilivyofanyika kwa miaka mingi, na wataalamu wengi waliamini kwamba watoto wa kwingineko nao wafanyiwe hivyo hivyo. Kisha ukafanyika utafiti ulioitwa FEAST katika hospitali 6 za Kenya, Uganda na Tanzania, ukihusisha watoto 3,141. Matokeo yalitangazwa mwaka 2011. Miongoni mwa watoto waliomiminiwa maji kwa haraka, takriban 10.5 katika kila 100 walifariki ndani ya saa 48. Kwa wale ambao hawakumiminiwa hivyo, waliofariki walikuwa 7.3 katika kila 100. (Mzazi asije akalichukua jambo hili akamnyima maji mtoto anayeharisha: watoto wa aina hiyo hawakuhusishwa kabisa, na kwao maji ni uhai.)

Habari kama hii ikitangazwa, fikra za watu huenda kwa maprofesa. Lakini hebu tuingie wodini. Mtoto analetwa usiku akiwa hajitambui. Mhudumu anampima haraka na kuamua kama ana dalili zote zinazotakiwa na hana hata moja inayomzuia kuingizwa. Anafungua bahasha yenye mgawo, yaani karatasi inayosema kwa bahati nasibu mtoto huyu apate tiba ipi, anatoa tiba iliyoandikwa humo hata kama yeye binafsi angechagua nyingine, kisha anarudi kwa saa zilizopangwa kupima tena na kuandika alichokiona. Tofauti iliyogundulika ilikuwa ya watoto kama 3 tu kwa kila 100. Kama bahasha zingechanganywa, saa zikakisiwa au baadhi ya watoto wakapewa tiba isiyo yao kwa huruma, tofauti hiyo ingefunikwa na makosa na tungeendelea kuwamiminia watoto maji tukiamini tunawaokoa.

Ndiyo maana, kabla ya utafiti kuanza, wahudumu wa hospitali zile walifundishwa namna ya kuwatambua watoto mahututi na kuwahudumia kwa dharura. Watu wa namna hii ndio nguvukazi ya utafiti wa kitabibu, na ndio ninaotaka kuwazungumzia.

Ni kina nani hasa? Yuko mtafiti mkuu, ambaye kwa kawaida ni daktari na ndiye anayewajibika kwa kila kinachotokea pale. Yuko mratibu anayeshikilia ratiba, vibali na mafaili. Wapo wauguzi wa utafiti, matabibu, wafamasia wanaotunza dawa zinazojaribiwa, wataalamu wa maabara, wasimamizi wa data, watakwimu, wakaguzi wanaotembelea vituo na wahamasishaji wanaozungumza na jamii. Katika hospitali nyingi duniani, baadhi ya kazi hizi hazimo kwenye muundo wa ajira. Mtu anaitwa muuguzi wa wodi, anafanya kazi ya utafiti, na akiondoka hakuna nafasi inayotangazwa kwa sababu rasmi haikuwepo.

Kosa la kwanza linalofanywa na viongozi wengi wa hospitali ni kudhani kwamba daktari hodari au muuguzi hodari tayari ni mtafiti. Uhodari wa tiba unahitajika, lakini hautoshi. Kwa miaka 40, kuanzia 1932 hadi 1972, idara ya afya ya serikali ya Marekani iliwafuatilia wanaume weusi wa eneo la Tuskegee, jimbo la Alabama, wenye kaswende bila kuwatibu, hata baada ya penisilini kuwa tiba inayojulikana. Wanaume hao hawakuelezwa ukweli wa kinachoendelea. Waliosimamia jambo hilo hawakuwa matapeli wa mtaani. Walikuwa wahudumu wa afya wenye taaluma. Kanuni za Nuremberg za mwaka 1947 na Azimio la Helsinki la 1964, lililofanyiwa marekebisho ya karibuni mwaka 2024, yanaeleza bayana haki za anayeshiriki. Mwongozo wa kimataifa wa uendeshaji bora wa majaribio, uliotolewa mwaka 1996, umerekebishwa 2016 na tena 2025. Maandishi tunayo ya kutosha. Yanayopungua ni mikono iliyozoea kuyatekeleza saa nane za usiku, wodi imejaa.

Chukua mfano wa ridhaa, maana hapa ndipo ninapoona mafunzo mengi yakiyumba. Fomu ya ridhaa huwa na kurasa kadhaa, na mhudumu asiyefundishwa vizuri huisoma mwanzo hadi mwisho kwa sauti moja kisha akanyoosha kalamu. Hiyo ni saini, ridhaa bado. Mgonjwa amezoea kwamba kila anachofanyiwa hospitalini kimechaguliwa na daktari kwa faida yake. Kwenye jaribio sivyo: mgawo wa nasibu ndio unaoamua nani apate dawa mpya na nani apate ya zamani, na hakuna anayejua kwa uhakika ipi ni bora. Hicho ndicho kinachochunguzwa. Muuguzi wa utafiti anapaswa kulisema hilo waziwazi, kisha amwombe mgonjwa aeleze kwa maneno yake mwenyewe alichoelewa. Mgonjwa akijibu, "Mtanipa dawa mpya itakayoniponya," basi maelezo yarudiwe, na kalamu isubiri. Asiyejua kusoma awepo na shahidi wake asiyehusika na utafiti. Na yeyote anayesita aambiwe aende nyumbani akawaulize wenzake, bila kununiwa.

Katika dharura mambo huwa magumu zaidi. Mama anayemshikilia mtoto anayepigania pumzi hawezi kusomewa kurasa za maelezo. Katika FEAST utaratibu uliruhusu kuomba kwanza kukubali kwake kwa mdomo, kisha maelezo kamili na saini vifuate mtoto akishatulia. Utaratibu huo unamlinda mama ikiwa tu anayeongea naye anajua kwa nini umewekwa. Mhudumu asiyejua atauona kama njia ya mkato.

Ustadi huu haupatikani kwa kusikiliza mihadhara. Sisi tunaofundisha tunatumia maigizo: mmoja awe mgonjwa mwenye wasiwasi, mwingine aombe ridhaa, wengine wasikilize na kutaja neno lililomchanganya mgonjwa. Baadaye mwanafunzi anakaa kimya chumbani mzoefu akiomba ridhaa ya kweli, kisha zamu zinageuka. Ningependa jambo hili lisisitizwe kwa sababu cheti cha saa chache kinachopatikana mtandaoni sasa kinachukuliwa kana kwamba ndiyo mafunzo yenyewe. Cheti hicho kina kazi yake. Kinamjulisha mtu kanuni. Lakini hakuna anayekabidhiwa basi la abiria kwa sababu tu amefaulu mtihani wa alama za barabarani.

Uandishi wa kumbukumbu nao unadai kuacha mazoea. Wodini, muuguzi aliyelemewa na wagonjwa anaweza kuandika vipimo vyote mwisho wa zamu, na watu wakamwelewa. Kwenye utafiti kila kilichoandikwa kijulikane kimeandikwa na nani, kiandikwe palepale, kisomeke, na karatasi ya kwanza ihifadhiwe. Aliyekosea apige mstari mmoja juu ya kosa, aandike sahihi yake na tarehe, na lile la zamani libaki likionekana. Wanaoanza huona ni usumbufu. Wakishaonyeshwa jinsi mkaguzi anavyoweza kufuatilia namba moja kutoka kwenye jedwali la mwisho hadi kwenye karatasi ya kando ya kitanda, hubadilika. Vivyo hivyo kwa madhara: tukio zito linapotokea, mara nyingi taarifa inapaswa kumfikia mdhamini wa utafiti, yaani taasisi au kampuni inayouwajibikia, ndani ya saa 24, hata kama mhudumu haamini kwamba dawa ndiyo iliyosababisha. Yeye yuko kituo kimoja. Tukio hilohilo huenda limetokea vituo vingine vitatu wiki hiyo, na wanaoweza kuliona hilo ni wale tu wanaopokea taarifa zote.

Kuhusu mafunzo, kuna mahali pazuri pa kuanzia. Mwaka 2014 jopo la kimataifa lilichapisha mfumo wa umahiri wenye nyanja 8, unaojumuisha sayansi ya utafiti, maadili na usalama wa washiriki, utengenezaji wa dawa na sheria zake, uendeshaji wa jaribio, shughuli za kituo, data, uongozi na mawasiliano. Baadaye ziliongezwa ngazi, kutoka anayeanza hadi mbobezi. Faida yake kubwa kwa hospitali ni kwamba inaweza kumkalisha mfanyakazi na kumwuliza yuko ngazi gani katika kila nyanja, badala ya kumpeleka semina kwa sababu semina imetangazwa.

Lakini tunaweza kufundisha vizuri na bado tukapoteza kila kitu. Pesa nyingi za utafiti huja kwa mradi, na mradi una mwisho. Kituo kinaajiri, kinafundisha kwa miaka kadhaa, timu inakomaa, mradi unafungwa, watu wanatawanyika. Mradi unaofuata unaanza upya na watu wapya ambao wanarudia makosa yaleyale. Gharama hiyo haionekani kwenye bajeti yoyote, na hilo ndilo linalonisikitisha kuliko uhaba wenyewe wa fedha.

Faida ya kutowatawanya ilionekana mwaka 2020. Uingereza ilikuwa imejenga tangu 2006 taasisi ya kitaifa ya utafiti wa afya yenye wauguzi na wahudumu wa utafiti ndani ya hospitali za umma. Korona ilipoingia, jaribio lililoitwa RECOVERY lilianza mwezi Machi katika hospitali hizohizo kwa fomu fupi na utaratibu rahisi. Kufikia katikati ya Juni lilikuwa limeonyesha kwamba deksamethasoni, dawa ya zamani na ya bei ndogo, inapunguza vifo kwa theluthi moja kwa wagonjwa waliokuwa kwenye mashine za kupumulia, na kwa moja ya tano kwa waliokuwa wakipewa oksijeni. Kwa wasiohitaji oksijeni haikuonyesha faida. Wakati huohuo, majaribio mengi duniani yalikuwa madogo mno kiasi cha kutojibu swali lolote. Shirika la Afya Duniani lilipitisha azimio la kuimarisha majaribio ya kitabibu mwaka 2022 na kutoa mwongozo mwaka 2024, na moja ya hoja zake kuu ni hiyohiyo: mfumo wa utafiti uwe unafanya kazi siku zote, usingoje janga.

Kwa hospitali, hilo lina maana ya mambo machache yanayowezekana. Nafasi za mratibu na muuguzi wa utafiti ziingizwe kwenye muundo wa ajira, zikiwa na ngazi za kupanda, ili muuguzi asilazimike kuacha utafiti apate cheo. Miradi ichangie mfuko mmoja unaolipa timu ya pamoja, na timu ihame kutoka mradi hadi mradi ikiwa nzima. Madaktari wapewe saa za utafiti zinazolindwa, zisizomezwa na foleni ya kliniki. Tangu 1979 daktari James Wyngaarden wa Marekani alionya kwamba daktari mtafiti yuko hatarini kutoweka, na kilio hicho bado kina mashiko. Majina ya wauguzi na waratibu waliofanya kazi yaonekane kwenye machapisho.

Kuna jambo wenzangu watafiti hawapendi kulisikia. Miradi inapolipa mishahara mikubwa kuliko hospitali yenyewe, huwavuta wauguzi bora kutoka wodini, na mgonjwa asiye kwenye utafiti ndiye anayelipia. Mradi unaochukua muuguzi mmoja ugharimie wa kuziba pengo lake. Kama bajeti haitoshi kwa hilo, basi bajeti ilipangwa vibaya.

Nawe msomaji ukiombwa kushiriki utafiti, uliza: nani anauongoza, kamati gani ya maadili imeuidhinisha, dawa hii imeshajaribiwa kwa nani, nikijitoa matibabu yangu ya kawaida yataathirika, na nimpigie nani nikizidiwa usiku? Mhudumu aliyeandaliwa vizuri hujibu yote hayo kwa utulivu na kukupa namba ya simu iliyoandikwa. Akikasirika au akikuharakisha, una haki ya kukataa.

Na kama wewe ni muuguzi, tabibu, mfamasia au mtaalamu wa maabara na unaitamani kazi hii, milango ipo. Kozi za bure za kanuni za majaribio zipo mtandaoni, zimalize. Kisha mfuate mratibu wa utafiti katika hospitali yako, umwombe akuruhusu umfuate siku ya ukaguzi, kwa sababu siku hiyo mafaili yote hufunguliwa na maswali yote huulizwa mezani.